Okidi Haifukiwi

Nilitoka kutafuta mkaa tu. Mkaa wa kuponda, wa kuweka kwenye chungu cha ua. Ilikuwa Jumamosi, jua linazama, mtaa wetu wa Levolosi wote unanuka mafuta ya chipsi. Nilikuwa na hasira. Miezi mitatu nzima nilikuwa na hasira, na sasa hata ua lilikuwa linanifia mkononi.

Ilikuwa okidi ya mama. Aliiokota kwenye tawi lililoanguka msituni, mlimani Meru, akalitundika tawi lile barazani kwake, kijijini Maji ya Chai. Kila mwaka ilichanua. Nilipoileta mjini na kuiweka dirishani sebuleni, majani yakaanza kukunjamana, na shina likawa jeusi.

Hasira yangu ilikuwa kwa dada yangu, Anneth. Mama alifariki alfajiri, kitandani kwake. Kabla jua halijazama, Anneth alishamzika. Siku hiyohiyo! Sisi Wachaga tunangoja watoto watoke hata Ulaya, maiti ikae mochwari wiki nzima. Mimi nilikuwa hapahapa mjini, nimelazwa, nimetoka kupasuliwa kidole tumbo. Niliomba siku mbili tu. Sikumwona mama yangu. Sikumtupia hata kiganja cha udongo. Nilipomuuliza Anneth kwa nini hakuningoja, aliinamisha kichwa, na mimi nikaapa kwamba sitamsamehe mpaka anijibu.

Kwa hiyo nilipopata nguvu nilikwenda kaburini peke yangu. Nikachota udongo wa juu kwa viganja viwili, nikajaza chungu, nikaipanda okidi humo. Kama nimenyimwa kumzika mama, basi nitakaa naye nyumbani. Ndivyo nilivyojiambia.

Sakaya, anayeuza maua kando ya barabara, alinifungia mkaa kwenye gazeti.

“Umeipanda kwenye udongo?” aliniuliza.

“Udongo mzuri tu.”

“Aisee, dada! Okidi haifukiwi. Mizizi yake inataka hewa. Itoe leo hii. Kata iliyooza, ifunge kwenye gogo pamoja na mkaa, unyunyizie maji kidogo asubuhi. Itapona.”

Nilirudi nyumbani, nikatandaza gazeti sakafuni, nikapindua chungu.

Harufu ikanipiga usoni. Haikuwa harufu ya udongo. Ilikuwa vanishi... vanishi mbichi, ya jeneza jipya.

Udongo ulikuwa wa moto. Nikaukung’uta. Gazeti likajaa. Nikaleta beseni, likajaa. Nikaleta ndoo. Chungu chenyewe hakikuzidi kikombe kikubwa cha uji, na udongo ulikuwa bado unamwagika. Halafu nikasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kucha. Kwenye ubao.

Nikaing’oa okidi kwa nguvu. Sauti ikakoma. Mizizi ilikuwa imekishika kitu, imekizungukia kama mkono wa mtoto. Nikaikata kwa mkasi. Kilikuwa kipande cha lesi nyeupe, kimechanika upande mmoja, vinyuzi vinaning’inia. Mimi nilichota udongo wa juu tu, naapa.

Nikampigia Anneth. Hatukuwa tumeongea miezi mitatu.

“Mama alizikwa na lesi nyeupe?”

Nikamsikia akifunga mlango upande wake.

“Anneth! Nijibu!”

“Kitambaa cha kichwa,” alinong’ona. “Nilimfunga mwenyewe, ndani ya jeneza. Hakuna aliyekiona zaidi yangu. Hedwiga... umekipata wapi?”

“Kwa nini hamkuningoja?”

Alianza kulia. Nilimwacha alie, sikumwonea huruma hata chembe.

“Tulitaka kukungoja,” alisema mwishowe. “Tulimlaza kwenye jeneza, kesho yake apelekwe mochwari. Saa nane mchana tukiwa tunaimba... likagongwa.”

“Nini?”

“Jeneza. Kwa ndani.”

Nikakaa chini.

“Nilishika kifuniko nifungue. Baba mkubwa Aminiel akanivuta mkono. Alisema anayegonga si mama, mama ameshakufa, ni kitu kimeuingia mwili wake, na tukifungua kitatumaliza ukoo mzima. Akasema tufukie haraka. Nami nikafukia, Hedwiga. Huku linagongwa.”

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Aminiel saa ile. Kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, msemaji wa ukoo, mtu wa kufungua kila kikao kwa sala! Anajuaje alikuwa nani mle ndani? Aliangalia wapi? Na dada yangu naye ana mikono miwili, kwa nini hakuitumia?

Niliifunga okidi kwenye gogo kama nilivyoelekezwa. Alfajiri, kabla sijafunga mlango, nikaitazama. Ilikuwa imetoa mzizi mpya, mweupe, mrefu kama kidole. Kwa usiku mmoja. Nikachukua jembe.

Anneth alinipokea Maji ya Chai, macho yamevimba. Tukapita katikati ya migomba. Baba mkubwa Aminiel alikuwa huko tayari. Amekaa juu ya kaburi la mama, amejifunika blanketi, ndevu zimejaa umande.

Sikumpa shikamoo.

“Rudi mjini, mwanangu,” alisema.

“Toka hapo.”

“Nalala hapa kila usiku tangu siku ile.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nikiinuka kabla jua halijakolea... udongo unapanda.”

Nyuma yangu Anneth alianza Baba Yetu, akaishia katikati. Nami nikaona. Mzee alikuwa amebana pumzi, hatikisiki, lakini mwili wake wote, pamoja na udongo alioukalia, ulikuwa unainuka polepole, unashuka. Unainuka, unashuka.

Niliogopa, sitadanganya. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikashika jembe kwa mikono miwili, nikamwambia ainuke.