Gauni la Marehemu Mizingani

Siku ya tatu ya kuchorwa, Lovina alikata mkate kwa mkono wa kushoto. Mama yake, Keziah, aliutazama ule mkono. Mwenye kutumia kushoto katika nyumba ile alikuwa Amelia, dada yake Lovina, naye walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

Keziah alijua kosa ni lake. Huko kwenye vilima vya Vermont, nyumba ikifiwa, mwenye nyumba huchukua ufunguo wa mlango, akaigonga mizinga mmoja mmoja na kuwatajia nyuki jina la marehemu, kisha mizinga hufunikwa vitambaa vyeusi mpaka msiba upoe, kwani vikiondolewa mapema marehemu hudhani bado ni wa nyumba ile. Keziah alifanya yote hayo. Ndipo akaja mchoraji Thurlow kutoka mjini, bingwa wa maneno matamu, akataka kumchora msichana kati ya mizinga na maua. Alidai watu wa mjini wanapenda shamba lenye furaha. Basi vitambaa vikaondolewa, na Lovina akavua nguo ya msiba, akavaa gauni la buluu la Amelia. Keziah alikubali kwa sababu binti yake alisifiwa, na sifa za mtoto humlainisha mama yeyote.

Sasa nyumba nzima ilinuka asali iliyochacha, na chumbani kwa Lovina palivuma kama mzinga ilhali dirisha limefungwa. Mchana ule Keziah alikwenda kuitazama picha, akaona kidoti cheusi chini ya jicho. Lovina hakuwa na kidoti; mwenye nacho alikuwa Amelia.

“Huyu ni nani, Bwana Thurlow?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Binti yako, Bi Keziah. Mimi nachora ninachokiona.”

Hakuthubutu kugeuka amtazame usoni binti aliyeketi nyuma yake kati ya mizinga. Alikimbilia ndani akautwaa ufunguo na vile vitambaa, akarudi mbio akijikwaa, akaufunika mzinga wa kwanza na wa pili na wa tatu huku ile harufu ikimfuata nyuma, ikizidi kusogea, akagonga na kunong'ona kwamba Amelia amekufa, Amelia amezikwa, Amelia si wa nyumba hii tena.

Nyuki walikuwa kimya kabisa.

Mkono wa baridi ukamshika bega, taratibu, kwa mapenzi.

“Usiwadanganye, mama,” ilisema sauti ya Amelia. “Waambie aliyekufa ni Lovina.”

Mizinga yote ikavuma kuitikia.