Kandambili za Friji

Nyumba ya mshonaji ilikuwa na sheria moja. Kabla ya kushika friji, vaa kandambili.

Kandambili zenyewe zilikaa pale pale, mbele ya mlango wa friji. Baba alizivaa. Bibi alizivaa. Mgeni akitaka maji baridi aliambiwa, "Vaa hizo kwanza, friji letu linauma." Halafu watu wanacheka. Wanacheka! Umeme unavuja ndani ya nyumba yenye mtoto, nao wanaufanyia mzaha.

Mshonaji hakucheka. Yeye pasi ilimuuma kila siku. Alishona sare za shule pale sebuleni, na cherehani ya umeme, pasi na redio vyote vilitumia soketi moja. Akiwasha pasi, taa inafifia. Akipiga pasi kwa muda, soketi inapata moto na plastiki inanuka.

"Shemeji," alimwambia mdogo wa mumewe, "hii soketi inaungua. Na pasi inanipiga."

Shemeji huyo ndiye aliyetandaza waya nyumba nzima. Mtaani walimwita Mjuzi, jina alilojipa mwenyewe. Leo fundi bomba, kesho fundi simu, keshokutwa fundi umeme. Kusoma kazi hata moja hakuwahi.

"Na wewe kwa woga!" Mjuzi akacheka. "Umeme lazima ukusalimie kidogo. Vaa kandambili, piga kazi."

"Hausalimii huo. Unanipiga. Mimi namleta fundi mwingine."

Mama mkwe alikuwa akikunja nguo. Akaiweka chini shuka aliyoishika.

"Mkwe wangu, mwenzako kafanya kazi hii bure, tena kwa moyo mmoja. Leo uje na fundi mwingine abomoe kuta, watu watasemaje? Mwanangu ataficha wapi uso wake?"

Mshonaji akamtazama mumewe. Mume alikuwa seremala, mtu mpole, hana neno na mtu. Akanyamaza. Lakini upole mwingine ni balaa tupu. Seremala huyu alikuwa ameshatengeneza kabati kubwa, akalisimamisha mbele ya swichi kuu ya umeme. Swichi ile, alisema, inaharibu sura ya chumba.

Basi, ili Mjuzi asione haya, watu wazima wakaendelea kuvaa kandambili.

Binti yao wa miaka mitano aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alasiri moja alitoka kuoga, miguu imelowa chapachapa, akaenda jikoni kutafuta maji ya kunywa. Kandambili hazikuwepo. Bibi alikuwa amezivaa kwenda uani. Mtoto akashika mpini wa friji.

Mshonaji alisikia mlio mmoja mfupi wa mtoto, kisha kimya. Akakimbia jikoni. Chiriku alikuwa amesimama, mkono umeganda kwenye mpini, mwili wote unatetemeka, macho yametoka.

"Mwanangu!"

Akanyoosha mikono amkumbatie.

"Usimguse! Usimguse utanasa na wewe!"

Sauti ilitoka mlango wa uani. Ilikuwa ya jirani yao, fundi wa umeme mwenye leseni, mwanamke mrefu ambaye mtaa mzima ulimwita Koleo. Alikuwa amesikia ule mlio kupitia ukuta.

"Zima swichi kuu!"

"Iko nyuma ya kabati!"

"Lahaula! Basi leta mti! Mti mkavu!"

Mshonaji akachomoka hadi mezani kwake, akarudi na rula yake ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Akasimama pakavu. Akaupiga ule mkono mdogo kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mkono ukaachia. Mtoto akaanguka sakafuni.

Koleo akamvuta mbali na friji, akaweka sikio kifuani.

"Anapumua. Twende hospitali. Usiseme yuko salama kwa sababu anapumua. Umeme huumiza moyo kwa ndani, lazima apimwe."

Chiriku alilazwa. Kiganja kilikuwa kimeungua, na daktari alitaka kuuangalia moyo wake usiku kucha. Kesho yake wakaruhusiwa. Mtoto alikaa mapajani mwa mama yake, hasemi neno. Na ukimya ule ndio uliomchoma mama yake kuliko kidonda.

Mjuzi akaja kutoa pole. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Poleni jamani. Lakini kwani mtoto hakuvaa kandambili?"

Mshonaji akamkabidhi mumewe mtoto. Akainuka.

"Umesema nini?"

"Nasema, si mnajua sheria ya..."

"Funga mdomo wako! Mtoto wa miaka mitano ndiye mwenye kosa? Wewe uliyefunga waya usioujua huna kosa? Nilikwambia soketi inaungua, ukacheka. Nilikwambia pasi inanipiga, ukasema inanisalimia. Mtoto wangu amesalimiwa! Tazama mkono wake! Tazama, usiangalie pembeni!"

"Mkwe wangu, punguza sauti, majirani," mama mkwe akasema.

"Sipunguzi! Wasikie! Mama, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ulichelea mwanao asione haya, nusura tumzike mjukuu wako. Na wewe," akamgeukia mumewe, "kunyamaza kwako kumenichosha. Leo hii sema. Kuta zinabomolewa, au mimi na mtoto tunaondoka?"

Seremala akamtazama bintiye. 

"Zinabomolewa," alisema. "Na kabati nalitoa mimi mwenyewe, sasa hivi."

Akalitoa. Koleo akaitwa, akazima swichi kuu, akapima kwa kifaa chake kuhakikisha umeme umekatika kweli. Ndipo akafungua soketi ya sebuleni. Akaguna.

"Njooni mwone. Wote."

Ndani kulikuwa na waya mwembamba, weusi wa kuungua umeuzunguka.

"Huu ni waya wa spika," alisema. "Umetengenezwa kupeleka sauti ya redio, si kubeba pasi. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito unapata moto, plastiki inayeyuka, nyumba inaungua mmelala. Waya wa taa ni wa milimita za mraba moja na nusu. Wa soketi ni mbili na nusu. Jiko la umeme linataka mnene zaidi, tena njia yake peke yake."

Akabomoa plasta kidogo. Nyaya mbili zilikuwa zimeunganishwa mle ukutani na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Mama mkwe akashika kichwa.

"Waya hupita ndani ya bomba lake," Koleo akasema, "na maungio hukaa kwenye boksi lenye kifuniko, fundi ayafikie. Mfuko wa sokoni si kazi yake hii. Na waya wa tatu uko wapi?"

"Ule wa kijani na manjano?" Mjuzi akajibu. "Ule haubebi umeme. Niliujaribu, taa zinawaka bila huo. Nikauacha."

"Ukauacha!" Koleo akamkazia macho. "Ule ni waya wa ardhi. Friji likivuja, umeme unapita humo hadi kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa chini, na breka, ile swichi inayojizima yenyewe, inakata. Ukiuondoa, umeme unasubiri mtu. Ulimsubiri huyu mtoto."

"Sasa mbona hukutuambia?" seremala akauliza.

"Niliwaambia. Nilipoona kandambili zile, nilisema. Nikajibiwa niache kuingilia ya watu."

Mama mkwe akainamisha kichwa. Ni yeye aliyemjibu.

Kazi ikaanza. Waya wa zamani ukang'olewa wote. Kabla ya kununua mpya, Koleo alimpeleka mshonaji dukani, akamfundisha kusoma maandishi kwenye ganda la waya, na kukataa waya usio na jina la mtengenezaji wala kipimo. Sebuleni zikawekwa soketi za kutosha, na njia za soketi zikatengwa na za taa. Nondo ya shaba ikapigwa ardhini nje ya nyumba. Kila njia ikapata breka inayolingana na unene wa waya wake, na juu yake kifaa kingine kinachokata umeme mara tu unapovuja. Fundi wa mafriji akalitengeneza lile friji lisivujishe umeme tena. Mwisho Koleo akapima kila soketi mbele ya wenye nyumba, na mkaguzi wa umeme akaja kuthibitisha.

Soketi ya mshonaji haikupata moto tena. Chiriku alianza kusema kidogo kidogo, kwanza na mama yake, kisha na bibi.

Mjuzi alikaa kitambo bila kuonekana. Siku aliyorudi, familia ilikuwa ikijiandaa kunywa chai. Mshonaji akawasha birika la umeme. Tap! Kile kifaa cha kukata umeme kikashuka, soketi zote zikazimika.

"Ehee!" Mjuzi akafurahi. "Huyo ndiye fundi wenu wa leseni? Wakati wangu umeme ulikatika lini?"

 Mshonaji alifanya alivyofundishwa. Akachomoa vifaa vyote, akapandisha swichi ya kile kifaa, ikakaa. Akachomeka kimoja kimoja. Friji, sawa. Cherehani, sawa. Birika, tap!

"Birika ndilo linalovujisha umeme," akasema. "Hili ni la kutupa."

"Utupe birika zima? Si linachemsha?" Mjuzi akainuka na kipande cha waya mkononi. "Nifunge hicho kidude kisishuke, mnywe chai yenu."

Akanyoosha mkono kwenye swichi. Mama mkwe akasimama. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumpandishia sauti mwanawe huyu.

"Toa mkono wako hapo!"

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe. Ndiyo maana nasema toa mkono."

Mjuzi akautoa.