Sauti Iliyohamia kwa Ngendo

Waliambiwa washangilie kabla hawajaona cha kushangilia. Kijana mwenye vipokea sauti masikioni alisimama mbele ya jukwaa, akainua mkono, na watu mia nne waliojaa ule ukumbi wa Nyeri wakapiga makofi na vigelegele huku kamera zikipita nyusoni mwao. Akashusha mkono, wakanyamaza. Akainua tena.

Ngendo alikuwa amekaa safu ya tatu. Ilikuwa mara hiyo ya pili alipomwona mama mmoja wa safu ya kwanza, mwenye shali ya kijani, amesimama, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka kama mtu anayepiga kelele kwa nguvu zake zote. Mkono uliposhuka watu wote walinyamaza, lakini yule mama akachelewa kidogo kufunga mdomo. Kwa muda huo mfupi aliendelea kupiga kelele, na hakuna kilichotoka. Hata pumzi haikusikika.

"Umeona huyo mama?" Ngendo alinong'ona.

"Si ni mama ya Moffat," Nurto akajibu. "Haongei. Ati ni ugonjwa ilimshika mwaka jana, karibu tu wakati kijana alianza kuimba."

Nurto aliuza vitambaa Nanyuki, na Ngendo alishona sare za shule hapo Nyeri. Walikutana kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa Moffat, kijana wa Karatina aliyekuwa amefika nusu fainali ya shindano la Sauti za Mlimani. Mwezi mzima walikuwa wametafuta tikiti za kuingia siku ya kurekodi, na sasa walikuwa hapa, utepe wa bluu mkononi, simu zao zimefungiwa kwenye bahasha mlangoni.

Mtaani kwao hakuna aliyependa nyimbo kumshinda Ngendo, na hakuna aliyeimba vibaya kumshinda. Alipokuwa msichana, kiongozi wa kwaya ya kanisa alimwita kando akamwambia kwa upole kwamba angesaidia zaidi akishona majoho. Basi alishona majoho. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikaa nyuma kabisa, akisogeza midomo bila kutoa sauti, ili asiwaharibie wenzake.

Moffat aliingia jukwaani saa tisa alasiri. Alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye televisheni, macho yamezama. Lakini alipofungua kinywa, Ngendo alisikia nywele za mikono zikisimama. Ilikuwa sauti pana, yenye joto, sauti iliyoonekana kumjua kila mtu aliyekuwa mle ndani kwa jina lake. Ngendo alijikuta amefumba macho, midomo yake ikifuata maneno kimyakimya.

"Ningepewa hii sauti," alimwambia Nurto, machozi yakimtoka, "hata kama ni siku moja tu, singeitisha Mungu kitu ingine."

Hapo hapo akasikia harufu, kama manyoya ya kondoo yanayoungua. Na katikati ya mstari, sauti ya Moffat ikakatika.

Vyombo viliendelea kidogo, kisha navyo vikanyamaza. Moffat alisimama ameshika koo. Katika kimya kile mama wa safu ya kwanza akaita, kwa sauti kavu, "Moffat!" Akaweka mkono mdomoni kama mtu aliyejishtua mwenyewe. Ngendo aliona hayo yote, lakini kwa mbali, kwa sababu kitu baridi kilikuwa kinamshuka kooni, baridi kama maji ya mto unaotoka moja kwa moja kwenye barafu ya mlima, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesimama, akimalizia ule mstari.

Ukumbi mzima uligeuka. Kamera kubwa ilizunguka ikamtazama. Mtu alimkimbilia na kipaza sauti, na Ngendo akaimba wimbo wote hadi mwisho, bila kukosea, huku watu wakilia waziwazi na hakuna aliyehitaji kuinuliwa mkono ili ashangilie. Majaji walisimama. Moffat peke yake hakupiga makofi. Alimtazama kutoka jukwaani, akatikisa kichwa polepole, mara mbili.

Walipokuwa wakitoka, yule mama alimfuata mpaka mlangoni, akamkamata kifundo cha mkono.

"Uko na mtoto?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Niko na mmoja. Msichana."

Mama akafumba macho. Alitaka kusema jambo, lakini Moffat alikuja akamshika mabega, akamvuta bila kumtazama Ngendo usoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Habari zilikuwa zimefika kanisani mapema kuliko yeye, na kiongozi wa kwaya, yule yule, akamwomba aimbe peke yake. Aliimba. Wazee walifuta macho, mchungaji akasema hiyo ni neema, na Ngendo, mwenye miaka thelathini na minne, akasimama mbele ya watu ambao hawakuwahi kumsikia na akahisi kwamba sasa ndipo amezaliwa. Binti yake Nyawira, wa miaka saba, alimrukia shingoni. "Mum, wewe ndio uliimba hivyo?" Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo. Ngendo alidhani ni vumbi.

Jumatatu jogoo hakuwika. Ngendo aliamka amechelewa, akatoka nje, akamkuta jogoo juu ya ua, amenyoosha shingo, mdomo umefunguka, akijikaza mpaka manyoya yakamsimama. Hakukuwa na sauti. Mbwa alikuja akamzunguka miguuni, akafungua kinywa kumbwekea mtu aliyepita barabarani, na huyo mtu akapita bila kugeuka, kwa kuwa hakusikia chochote. Ngendo alisimama na bakuli la mahindi mkononi. Ile harufu ya manyoya yaliyoungua ilikuwa imejaa uani. Akarudi ndani haraka, na bila kukusudia akawa anaimba, na alipoimba hofu ikamtoka.

Jumanne Nyawira alinong'ona tu. Jumatano asubuhi alimvuta mama yake nguo, akafungua kinywa, na Ngendo akambeba kumpeleka kwa daktari, kwa sababu alikuwa ameuona mdomo wa namna hiyo kabla, katika safu ya kwanza ya ukumbi.

Daktari alimulika koo la mtoto akasema halina kidonda, halina uvimbe. "Labda ameshtuka," alisema. "Mpe siku chache." Ngendo alitoka hapo akampigia Nurto simu. Alipomaliza kueleza, Nurto alishusha sauti.

"Mama Nyawira, nikuambie kitu? Usikasirike."

"Niambie."

"Hata sasa ukiongea, naskia kama mko wawili."

Siku iliyofuata walikwenda Karatina, Ngendo, Nurto na mtoto. Moffat aliwapokea langoni kana kwamba alikuwa akiwangoja. Sauti yake sasa ilikuwa ya kijana wa kawaida, nyembamba kidogo. Mama yake alileta chai, akamtazama Nyawira, akaanza kulia.

"Nilikuwa nimekataliwa kwa mashindano tano," Moffat alisema, macho chini. "Siku moja nikapanda huko juu msituni, mahali hakuna watu, nikaomba nipewe sauti. Nikaomba na nguvu. Sikuangalia ni nani naomba. Ikakuja. Mwezi haukuisha, mathe akanyamaza."

"Na hukuifukuza?" Nurto aliuliza.

"Nilipelekwa kwa watu watatu. Wote waliniambia kitu moja: haitoki mpaka uiambie mwenyewe huitaki, na useme na sauti yako ya kwanza. Mara zote tatu nilifungua mdomo nikashindwa." Alinyanyua macho. "Halafu siku hiyo ukaitamani kuliko mimi. Nilisikia ikigeuka. Nilifurahi. Nisamehe, auntie. Nilifurahi."

"Na mtoto wangu itamfanyia nini?"

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa kile kisauti chake kikavu. "Kwanza inachukua kuongea. Baadaye hata kulia. Mimi nilikuwa nimefika mahali nikilala hawasikii kama napumua. Walikuwa wananiwekea kioo kwa mdomo."

Nurto hakungoja chai ipoe. Alimjua Mzee Olow, aliyekuwa na nyumba nyuma ya zizi la mbuzi ukingoni mwa Nanyuki, na ambaye wafugaji walimwendea kwa mambo ambayo hospitali haikuyajua. Walifika kwake saa kumi, jua bado kali. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alimsikiliza Nurto, akamtazama Ngendo sana, kisha akasema mapazia yafunguliwe yote na mtoto akae mlangoni, mahali mama yake ataweza kumwona.

"Wewe ni Mkristo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hakuna shida. Mungu ni mmoja, na huyu aliye ndani yako anajua. Keti chini."

Alisoma aya kwa sauti ya chini juu ya bakuli la maji, akamnyunyizia. Alisoma tena. Mara ya tatu shingo ya Ngendo ikanyooka, na sauti ikatoka kinywani mwake, tulivu, nzuri kiasi kwamba Nurto alijikuta amesogea karibu ili aisikie vizuri.

"Kwa nini unanisumbua, Mzee? Sikuvunja mlango. Niliitwa."

"Nani alikuita?"

"Huyu. Alilia akiniita. Muulize kama anataka niende."

Mzee Olow aliacha kusoma. "Mama Nyawira, unasikia? Mimi naweza kumshika hapo alipo. Kumtoa ni wewe. Mwambie."

Ngendo alifungua kinywa, na badala ya neno ukatoka wimbo. Haukuwa na maneno, nao ulijaza kile chumba, ukatoka madirishani, mbuzi wakaacha kutafuna, na ndani yake Ngendo akajiona amesimama mbele ya ukumbi uliojaa, na kanisa lililojaa, na kila mtu aliyewahi kumwambia kwa upole akae nyuma amesimama sasa akimlilia aendelee. Na alitaka kuendelea, Mungu amsamehe, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, lakini kadiri wimbo ulivyopanda ndivyo alivyosikia kwamba haukuwa sauti moja, ulikuwa umeshonwa kwa vipande, kulikuwa na jogoo ndani yake, na mbwa, na watu wa zamani asiowajua, wazee na wachanga, na chini ya hao wote, kama mtu aliyefungiwa nyumba ya mbali, kulikuwa na mtoto anayeita mum, mum, mum, bila kupumzika.

Akamtazama Nyawira mlangoni. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa, na kifua chake hakikuonekana kupanda wala kushuka.

Ngendo akaitafuta sauti yake. Ilikuwa chini sana, imekauka. Aliivuta kama mtu anayevuta kamba nzito kutoka kisimani, jasho likimtiririka, damu ikimtoka puani, na ilipofika ilikuwa ile ile mbaya, ya kupasuka, iliyomfanya awekwe kando.

"Si... sitaki."

"Sema tena," Mzee alisema.

"Umesikia watu wakilia," ile sauti ilimwambia, sasa kwa kumbembeleza. "Hawatakulilia tena. Hata mmoja."

"Sikutaki!" Ngendo alipiga kelele. "Ni mimi nilikuita, na ni mimi nakufukuza! Wacha mtoto wangu! Toka!"

Harufu ya manyoya yaliyoungua ililipuka chumbani mpaka wote wakakohoa. Kitu baridi kilimpanda Ngendo kooni, kikampita menoni. Pazia la dirisha lililotazama mlima likavutwa nje, kana kwamba kuna mtu amepita nalo, na nje mbuzi wote zizini wakalia kwa pamoja, kisha mbwa wa mtaa mzima.

Mlangoni Nyawira alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayetoka majini.

"Mum," alisema. "Niko na kiu."

Nurto alikaa sakafuni akalia, uso ameuficha kwenye mtandio wake. Mzee Olow alimpa mtoto maji, akamgeukia Ngendo. "Ameenda huko juu kwenye baridi, mahali hakuna mtu. Lakini hajafa. Wao hawafi upesi. Ukiwa na tamaa, kaa nayo kimya, usiitaje."

Watu wa televisheni walimpigia Ngendo simu mara nyingi wakimtaka kwenye fainali. Alipokea mara moja, akawaambia "hapana", na waliposikia ile sauti yake walidhani wamekosea nambari. Kanisani alirudi kushona majoho. Watu walisema neema imemtoka kwa sababu ya dhambi fulani, na wakatafuta ni ipi.

Kuna jambo moja ambalo Ngendo hajamwambia hata Nurto. Alasiri nyingine, cherehani ikiwa imenyamaza, husogea kwenye dirisha linalotazama mlima, akalifungua, akasimama. Hasemi kitu. Anasimama tu, midomo imefumbwa, akisikiliza upepo unaoshuka huko juu.

Wiki iliyopita alisimama hivyo huku Nyawira akisoma kitabu chake cha shule kwa sauti katika chumba cha pili. Upepo ulikuwa mzuri. Ngendo alifumba macho, akasahau muda, mpaka alipogundua kwamba usomaji ulikuwa umekatika katikati ya sentensi.

Alilifunga dirisha kwa mikono miwili, akakaza komeo, akalisukuma kwa bega.

"Nyawira?" aliita. "Endelea kusoma."

Akangoja, sikio likiwa ukutani.

"Nyawira. Soma."