Arobaini na Wanne Waliosema Ndiyo

Pale Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, Cyriaque hupasua mbao kutwa. Mkewe, Mukandayisenga, huvisha makochi vitambaa katika banda hilohilo. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaba Cyriaque kifua. Kila akipasua kidogo, alizima msumeno akohoe, na mkewe akaacha kushona amtazame.

Mke akachoka kumwonea huruma tu. Akagombea uenyekiti wa ushirika wao, ili mashine ya kunyonya vumbi ipatikane. Mpinzani wake, Sangwa, alisema vumbi halijawahi kuua seremala. Ndivyo wasemavyo wenye mapafu mazima!

Mukandayisenga akapita kila banda na daftari. Aliwauliza wanachama wote sabini wanamtaka nani. Arobaini na wanne walimtaja yeye. Akarudi nyumbani akicheka peke yake, akaanza kuchagua kitenge cha kuvaa siku ya ushindi.

Jirani yake, Umutoni, hufanya kazi Kacyiru, katika ofisi inayokusanya maoni ya watu. Alilitazama daftari, akauliza kama watu hao walisema watafika kupiga kura. Mukandayisenga hakuwauliza. Uchaguzi uliopita walifika? Hilo pia hakulijua.

"Dada, usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa," Umutoni alimwambia. "Umehesabu wanaokupenda. Kura hupigwa na wanaofika. Wachache wenye ari huwashinda wengi waliobaki nyumbani."

"Kwa hiyo daftari langu linadanganya?"

"Halidanganyi. Uliuliza nusu ya swali. Rudi ukaulize nusu ya pili."

Akarudi, moyo mzito. Watu wa Sangwa walikuwa ishirini na sita, na ishirini na wanne kati yao walikuwa na hakika ya kufika. Kati ya watu wake arobaini na wanne, wenye hakika walikuwa kumi na wanane tu! Uchaguzi uliangukia Jumamosi ya umuganda, ile asubuhi ya kazi za pamoja mitaani, na wengi wao waliishi mbali, Ndera. Wengine walimwambia, aa, si umeshashinda? Hata Cyriaque alipanga kupumzika nyumbani.

"Hata wewe?" mkewe alimuuliza. "Kifua ni cha nani?"

Cyriaque akainamisha kichwa kwa aibu.

Wiki nzima Mukandayisenga aliwaambia watu ukweli: bado sijashinda, nawahitaji. Wale wa Ndera wakapatana kuja pamoja mara tu umuganda utakapoisha.

Siku ikafika. Wanachama walipanga mistari nyuma ya wagombea, kama tunavyochaguana mitaani. Mstari wa Sangwa ulikuwa na watu ishirini na watano. Wa Mukandayisenga, ishirini na sita. Wa mwisho alikuwa Cyriaque, akihema baada ya kupanda kilima. Mukandayisenga alikaa chini, akalia na kumshukuru Mungu.

Mashine ya kunyonya vumbi ilifungwa bandani mwezi uliofuata. Siku hizi msumeno ukinyamaza, Mukandayisenga haachi kushona. Anajua mumewe anapima ubao tu.