Pumzi za Mwanangu Zilipungua, Wakasema Amepona

Nina miaka thelathini na moja, nimeachika, nimepanga chumba hapa Kwa Mathias, Kibaha. Wasomaji wenzangu, sifichi uso. Sina cha kuonea aibu!

Nilikuwa nimeolewa Kisarawe. Nilipopata nafasi ya mafunzo ya huduma za dharura huku Kibaha, mume wangu, Shabani, aliniruhusu kwa shingo upande. Mwanetu Idrisa, wa mwaka na nusu, nikamwacha kwa mama mkwe, kila Jumamosi nikawa narudi.

Darasani tulifundishwa vipimo vya uhai. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Mtoto wa umri wa Idrisa hupumua zaidi, lakini akifika arobaini na kupanda huku anakohoa, hiyo ni hatari. Na aliyekuwa akihema mbio, kisha pumzi zikapungua huku amelegea... huyo hajapona. Amechoka kupumua!

Jumamosi moja nikamkuta Idrisa hata kichwa hainui.

"Tangu juzi alikuwa anahema, sasa katulia, alhamdulillahi," mama mkwe akaniambia.

Nikamfunua kifua. Mbavu zinabonyea, midomo imepauka, pumzi zinakuja moja moja...

"Baba Idrisa, washa pikipiki twende hospitali!"

"Usimchurie mtoto! Si katulia? Mafunzo hayo yamekuvuruga akili."

Shabani akautia ufunguo mfukoni. Baba yake mzazi, jamani!

Nikambeba, nikakimbilia barabarani pekupeku. Dereva wa bodaboda nisiyemjua akatupakia. Idrisa alikata roho njiani, kifuani kwangu.

Msibani Shabani akawaambia watu nimemuua mtoto kwa kumpitisha kwenye upepo. Arobaini haijaisha, akanipa talaka. Walitaka niinamishe kichwa. Kwa kosa gani? Kwa kujua?

Sikuinamisha! Nilirudi darasani macho yamevimba, nikafaulu. Leo nahudumu kwenye gari la wagonjwa. Nikishika kifua cha mtoto... nahesabu.

Mama mwenzangu, mwanao akikohoa, mfunue kifua akiwa halii, uhesabu pumzi dakika nzima. Zikienda mbio, au mtoto akilegea, nenda hospitali. Usingoje ruhusa ya mume, wala ya mkwe, wala ya yeyote! Watakusema, watakununia, pengine watakuacha.

Ukiachwa utaishi. Mimi hapa naishi!