Nyuso za Lambert Hale

Mwulize mtu yeyote aliyechuma chai Mufindi mwaka wa hamsini na saba, atakwambia ukungu wa Juni ulivyo. Huuoni ukija. Unainama kufunga mlango wa banda la kuku, unainuka, na bonde lote halipo.

Jioni moja ya namna hiyo Apolonia alichukua sweta la mumewe, akalitia kwapani, akatoka. Mumewe, Lutengano, alikuwa mpishi wa Bibi Hale, Mzungu mjane aliyekaa katika nyumba ya mawe juu ya kilima. Asubuhi aliondoka akikohoa, na shati jepesi mwilini. Siku hizi alikuwa akichelewa kurudi. Mke gani angekaa tu motoni akingoja?

Tena kukaa motoni peke yake kulimshinda. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamzike Mika, mtoto wao wa pekee. Miaka minne, surua, siku sita. Nyumba yao katika kambi ya wafanyakazi ilikuwa na vyumba viwili tu, lakini tangu siku ile ilikuwa pana kama kanisa tupu.

Kambi nzima ilimjua Lutengano kwa jambo moja: kuiga watu. Mnyakyusa huyu wa Tukuyu alikuwa akimwiga nyapara mpaka wachumaji wanaokota vikapu vyao kwa hofu. Akimwiga padri, vikongwe wanapiga ishara ya msalaba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini tangu Mika afe, hakuiga tena.

Ndivyo Apolonia alivyodhani.

Alifika mlango wa nyuma. Jiko la Bibi lilikuwa na moto, sufuria imetokota mpaka imekauka. Hakuna mtu. Alisikia harufu... mafuta ya kondoo yanayoungua, mazito, kama mishumaa mia imezimwa kwa pamoja. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mshumaa hata mmoja.

Kisha akasikia sauti.

Sauti ya mwanamume, kubwa, ya mtu mzima, ikisema Kiingereza. Ilipanda, ikatetemeka, ikashuka mpaka ikawa mnong'ono. Apolonia hakuelewa neno, lakini machozi yalimtoka. Yule mtu alikuwa amepoteza kitu kisichorudi. Hilo halihitaji mkalimani.

Sauti ikanyamaza. Mtu mmoja akapiga makofi.

Pa. Pa. Pa.

Halafu yakafuata makofi mengine. Mikono mingi, mamia, ikitokea upande wenye ukuta mtupu.

Apolonia alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshageuka. Ndipo akasikia, kutoka chumba kile kile...

"Mama... maji."

Sweta lilimdondoka.

Aliingia sebuleni bila kubisha hodi. Bibi Hale alikuwa amekaa kitini. Mbele yake, juu ya zulia, alisimama Lutengano, amempa Apolonia mgongo. Mabega yake mapana, aproni yake nyeupe.

Akageuka.

Kimo kilikuwa cha Lutengano. Uso ulikuwa wa Mika. Midomo imepasuka kwa homa, jicho la kushoto limeganda tongotongo, kama siku ile ya sita.

"Mama. Maji."

Apolonia alipiga magoti. Hakupiga kelele. Alinyoosha mikono tu.

"Wewe hapana lia," Bibi Hale alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha shambani. "Keti. Sikia."

Na ukutani, juu ya kichwa cha Bibi, ulikuwapo uso wa plasta nyeupe, ule ambao Wazungu wa zamani walikuwa wakiuchukua kwa mtu mkubwa akishakufa. Lakini haukuwa na macho. Haukuwa na pua wala mdomo. Ulikuwa laini, kama yai.

Walirudi nyumbani wakishikana mikono katika ukungu. Lutengano alikuwa na uso wake tena, umelowa jasho.

"Baba Mika," Apolonia alinong'ona. "Nini kile?"

Akamweleza, kama Bibi alivyomweleza yeye.

Zamani, miaka mia mbili nyuma, palikuwa na mwigizaji huko Uingereza, jina lake Lambert Hale. Mwana wa fundi viatu. Alitembea kwa miguu mpaka London na jozi moja ya soksi. Wakati huo waigizaji walisimama jukwaani wakighani maneno kama mtu anayesoma zaburi. Hale hakughani. Alipanda jukwaani katika michezo ya yule mtunzi mkubwa wa Waingereza, ya wafalme wauaji na wazee waliofukuzwa na watoto wao, akasema kama mtu anavyosema na mwenzake. Wanawake walizimia. Wanaume wenye panga walilia kama watoto. Kwa miaka thelathini na tano hakuna aliyemfikia. Hale alipoigiza kufa jukwaani, watu walitoka nje wakivua kofia, wakidhani kuna maiti kweli.

"Alijifunzia wapi kufa?" Apolonia aliuliza.

"Alikwenda kwa wanaokufa. Maskini, wagonjwa, wasio na ndugu. Alikaa kando ya kitanda, akamshika mtu taya, akamtazama bila kupepesa mpaka roho itoke. Kesho yake ule uso alikuwa nao yeye." Lutengano alikohoa. "Wale watu walizikwa wamefunikwa. Waliowaosha hawakusema waliona nini."

Hale mwenyewe alipokufa, akabebwa na wakubwa kwenda kuzikwa, hakuna aliyekumbuka uso wake halisi. Walipompaka plasta, ikatoka laini. Lakini mwanafunzi wake aliyekaa naye mpaka mwisho alisimama jukwaani wiki ile ile, na watu wakapiga kelele kwamba Hale amefufuka. Baada ya mwanafunzi, mwingine. Na mwingine. Wote walisifiwa. Wote walizikwa wamefunikwa. Bibi ni wa ukoo huo, wa mwisho. Damu anayo, kipaji hana. Siku moja alimsikia mpishi wake akimwiga nyapara nyuma ya mlango, akaenda kufungua sanduku la vitabu, akaanza kumfundisha, akimshikisha taya la ule uso wa plasta.

Apolonia alisimama njiani.

"Ulimshika Mika taya?"

Lutengano aliuachia mkono wake.

"Nilitaka tusimpoteze kabisa," Lutengano alisema.

Apolonia akakumbuka. Siku ile ni Lutengano aliyemviringisha mtoto blanketi, kichwa na vyote, akamzuia mkono. *Usimtazame. Mkumbuke alivyokuwa.*

"Chini ya lile blanketi kulikuwa na nini?"

Lutengano akaongeza hatua.

Ungedhani asubuhi yake Apolonia alikwenda kwa padri. Aliazimia hivyo. Alifunga hata kitambaa kichwani. Lakini kulipokucha alisikia watoto wa jirani wakigombania kiazi, akafungua kile kitambaa, akakaa. Jioni mumewe aliporudi, alifunga mlango na komeo.

"Baba Mika," alisema. "Mlete."

"Mama Mika, hapana."

"Mara moja tu."

Haikuwa mara moja. Ikawa kila jioni. Mika aliomba maji. Mika aliuliza kama mbuzi wamerudi. Apolonia alijibu, akaimba, akacheka, kisha akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu msiba. Kila alipoamka, mumewe alikuwa amepungua kitu.

Kwanza kicheko. Alicheka, na kicheko kilikuwa cha mtu mwingine. Kisha akaacha kupenda ndizi za kupikwa na maharage, chakula cha kwao. Akaanza kutembea kwa mguu wa kuburuta, kama mzee. Mara nyingine Apolonia alimkuta amesimama uani katika ukungu, akiinama taratibu mbele ya watu ambao hawapo.

Makofi, Apolonia naye aliyasikia.

Mwezi wa Julai alikuja Isakwisa, kaka yake Lutengano, fundi seremala wa Mbeya. Alishuka kwenye basi na mfuko wa mchele, akamkuta mdogo wake amekaa mlangoni.

"Ugonile," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

Lutengano alimtazama kama mtu anayesikiliza ndege.

Isakwisa alichuchumaa, akaongea naye kwa muda mrefu, kwa upole, kwa lugha waliyonyonya pamoja. Hakujibiwa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji, kesho kuna basi. Nimpeleke nyumbani kwa mama. Watamwombea, na hospitali iko. Hapa mtu huyu anaisha."

Ilikuwa njia. Mlango ulikuwa wazi, mchana kweupe. Apolonia alijua, na mpaka leo anajua. Akafikiria jioni bila ile sauti.

"Mwache apate nguvu kwanza, shemeji," alisema. "Akipona tutakuja wenyewe."

Isakwisa alipanda basi peke yake. Mchele aliuacha.

Agosti ikaja na upepo. Lutengano hakuinuka tena kitandani. Alasiri moja, jua likiwa bado juu ya mistari ya chai, Bibi Hale aliingia kambini kwa miguu, na fimbo, akibeba kiti kidogo cha kukunja. Hakuwahi kukanyaga pale. Watu walimpisha njia.

Aliweka kiti kando ya kitanda.

"Yeye nakwenda leo," alisema. "Mtu lazima shika."

"Shika wewe, Bibi."

Bibi Hale alitazama viganja vyake, vyekundu, vyenye mabaka ya uzee. "Mimi jaribu. Baba yangu. Mume yangu. Hapana pata kitu." Akainua macho. "Wewe... labda."

Apolonia aliwaza jambo moja tu. Lutengano akifa peke yake, Mika anakwenda naye. Akakaa. Akaweka kiganja chini ya taya la mumewe.

Lutengano alifumbua macho. Yalikuwa yake. Baada ya wiki ngapi... yake kabisa.

"Apolonia," alisema. Hakumwita kwa jina hilo tangu mtoto azaliwe. "Toka nje. Niache nife peke yangu."

"Nyamaza, baba."

"Nakuomba."

Hakutoka.

Nyuso zikaanza kupita chini ya kiganja chake. Kikongwe wa Kizungu asiye na meno. Kijana mwenye ndui. Mwanamke aliyeuma midomo mpaka ikatoka damu. Kumi, ishirini, arobaini, watu wa nchi asiyoijua, kila mmoja akimtazama yeye kwa mshangao wa pumzi ya mwisho. Mwishoni kabisa, Mika. Akafungua mdomo, hakutoa sauti.

Kitu cha baridi kilitoka tayani, kikapita kwenye kiganja, kikapanda mkono mpaka begani.

Kisha hakuna pumzi.

Apolonia alipapasa kwa vidole. Hakukuta pua. Hakukuta mdomo. Alivuta blanketi juu kabla hajatazama.

Bibi Hale aligeuza kiti chake. Maiti hakuitazama tena. Alimtazama Apolonia, mikono magotini, kama mtu aliyewahi kufika kanisani akisubiri ibada ianze.

Isakwisa alikuja kuzika. Aliomba amwone ndugu yake mara ya mwisho. Apolonia alilala juu ya blanketi, akakataa, mpaka wanaume wakamwambia Isakwisa amwache, ni uchungu.

Siku nne baada ya maziko, Apolonia alikwenda kisimani peke yake. Akainama, akaita kwa sauti ndogo, "Mika." Alingoja. Akajaribu kulegeza uso, kama alivyomwona mumewe akifanya. Ndani ya maji alikuja kikongwe asiye na meno. Alikuja kijana wa ndui. Akaita tena na tena mpaka koo likakauka.

Mika hakuja.

Hakuja siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Apolonia aliondoka na lori la mbao lililopita Sao Hill kwenda Iringa. Hakumuaga Bibi Hale. Dada yake, Lusia, alikuwa ameolewa karibu na misheni ya Tosamaganga, na Apolonia alifika kwake saa sita mchana, jua kali, kuku wanaoga vumbi uani.

"Kamwene," Lusia alimwamkia kwa Kihehe, ungo wa unga mikononi. "Karibu, mama. Umetokea wapi?"

Apolonia alisimama. Lusia alikuwa akitabasamu lile tabasamu la kumpokea mgeni.

"Unamtafuta nani?"

"Lusia..." Sauti ilikwaruza. "Mimi Apolonia."

"Apolonia ni mdogo wangu, yuko Mufindi." Tabasamu likafifia. "Umetumwa naye? Kuna habari gani?"

Apolonia alitaka kusema mambo ambayo mtu wa ndani tu anayajua. Kovu la Lusia la gotini. Mbuzi aliyekula rozari. Akafungua kinywa, na mtu mwingine akatangulia kusema.

"Lusi, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Ungo ulianguka. Unga ukatapakaa mlangoni.

Ilikuwa sauti ya mama yao. Alikufa miaka tisa kabla, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Apolonia, kabla Apolonia hajaiona Mufindi, kabla hajamjua Lutengano wala Bibi Hale. Hakuna aliyemfundisha kitu siku ile. Alikuwa binti tu, akimshika mama yake taya ili mdomo usibaki wazi.

"Mama?" Lusia alisema.

Apolonia alitikisa kichwa kwa nguvu. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sauti ikapita katikati ya vidole, laini, ikiuliza kama wajukuu wameshakula.

Lusia alimshika mkono, akamwingiza ndani. Akafunga mlango, akafunga na dirisha. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake karibu kabisa, magoti yakigusana, machozi yakimtiririka na uso umeng'aa kwa furaha.

"Endelea, mama," alinong'ona. "Usinyamaze."