Vyungu vya Kyela na Reli Mbili

Josepha alikuwa uani akikaanga maandazi, hapo nyumbani kwao Kariakoo. Mumewe, Vitalis, alikuwa amepunguzwa kazini kiwanda kilipouzwa. Sasa nyumba nzima ilikula kwa biashara ya Josepha: vyungu vya udongo vya Kyela. Alivipakia Mbeya kwenye treni ya TAZARA, vipitie Dar, viende mpaka Tabora kwa mteja wake mkubwa, Zahoro.

Vitalis akaingia kutoka kupokea simu dukani kwa Chandu. Uso umemshuka.

"Zahoro kapokea magunia ya vigae, vyungu vimevunjika. Anasema tukirudia tena, anatafuta mtu mwingine."

"Vigae?" Josepha akaacha upawa. "Na kila gunia niliandika mwenyewe kwa mkaa, MSISHUSHE MPAKA TABORA!"

Kicheko kikatoka chumba cha pili, kisha akatoka mwenyewe. Alikuwa Ritha, mpangaji mwenzao, karani wa mizigo wa reli.

"Unacheka msiba wangu, Dada Ritha?"

"Pole, Mama Benja. Nacheka hayo maandishi. Wangekutii, vyungu vingekaa Dar mpaka viote uyoga."

"Kwani behewa si linafunguliwa kwenye treni hii, linafungwa nyuma ya ile ya Tabora?"

Ritha akavuta kigoda. "Kitendawili!"

"Tega," Josepha akajibu, japo kwa kununa.

"Mapacha wangu wako mji mmoja, viatu vya huyu havimwingii yule."

Wakabuni. Miguu? Milango? Wakampa mji.

"Ni reli zetu," Ritha akasema. "Ya TAZARA ni pana kuliko reli ya kati, hii ya kwenda Tabora. Tofauti ni hii." Akabananisha vidole vinne. "Wala havijai."

"Vidole vinne ndivyo vimevunja vyungu vyangu?"

"Ndivyo. Magurudumu ya huku hayakai kwenye reli ya kule. Kwa hiyo mzigo unashushwa, unapanda lori, unashushwa tena, unapakiwa upya. Wewe ulifunga vipi?"

"Kwenye magunia, majani kidogo. Nilijua havitaguswa."

Josepha akauliza, "Hakuna treni ambayo magurudumu yake yanasogea?"

"Ipo! Kozini tulionyeshwa picha za Hispania. Treni ya mwendo kasi inafika reli inapobadilika, inapita polepole kwenye njia maalumu. Magurudumu yanafunguka, yanasogea, yanajifunga. Abiria hata hashuki."

"Mama yangu! Kama mtu anabadili viatu huku anatembea!"

"Kabisa. Ila sisi hatuna hiyo. Wewe funga mzigo ukijua utashikwa na mikono mingi. Tumia matenga madogo, mtu mmoja aweze kubeba. Majani yajae chini, juu na kati. Andika, VYUNGU, SHUSHA POLEPOLE. Na mtu wako awepo unapohamishwa."

"Mtu mwenyewe huyu hapa," Josepha akasema, akimtazama mumewe. "Kazi umepata."

Mzigo uliofuata ulifungwa hivyo. Vitalis aliufuata mguu kwa mguu, kutoka stesheni hadi stesheni, akiwasihi wapagazi kama mtu aliyebeba mayai.

Simu ya Tabora ilipokuja, Josepha alikimbilia dukani kwa Chandu na unga mikononi.

"Nimevigonga kimoja kimoja," sauti ya Zahoro ilisema. "Vyote vinalia ngo!"

Vitalis alikuwa mlangoni, shingo imemrefuka. "Anasemaje?"

Josepha akaziba simu kwa kiganja. "Anataka vingine. Nenda katafute matenga."